Endometriosisi kwenye neva ya siatiki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa mwanamke ambaye mguu wake unauma kwa kufuata kalenda ya hedhi, na kwa ndugu anayemsindikiza hospitali. Vipimo vya dawa vilivyotajwa ni vya kukusaidia kuelewa unachoandikiwa na kuuliza maswali ya maana. Usijiandikie dawa kwa kusoma hapa.

Ugonjwa wa hedhi unafikaje mguuni?

Endometriosisi ni tishu inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, ila imeota nje ya mfuko huo: kwenye ovari, nyuma ya kizazi, kwenye utumbo, kwenye kibofu, na mara chache kwenye neva. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu asilimia 10 ya wanawake na wasichana wa umri wa kuzaa, yaani watu wapatao milioni 190, wanaishi na endometriosisi. Walio nayo kwenye neva ya siatiki ni wachache mno kati yao, na daktari anaweza kustaafu bila kukutana na hata mmoja. Maelezo ya mwanzo ya kitabibu yaliyothibitishwa kwa kuangalia tishu yenyewe kwa darubini yalitolewa na Denton na Sherrill mwaka 1955.

Neva ya siatiki ndiyo mshipa wa fahamu mnene kuliko yote mwilini. Mizizi yake hutoka chini ya uti wa mgongo, kuanzia L4 (pingili ya nne ya kiuno) hadi S3 (pingili ya tatu ya sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno), ikaungana ndani ya fupanyonga kwenye ukuta wa nyuma, jirani na ovari. Kutoka hapo neva hupita kwenye uwazi mkubwa wa mfupa, kwa kawaida chini ya msuli uitwao pirifomi, ikaingia kwenye kalio, ikashuka nyuma ya paja hadi karibu na goti, ambako hugawanyika matawi mawili ya kwenda muundini, kwenye shavu la mguu na kwenye unyayo. Kwa hiyo neva tunayoiita ya mguu huanza safari yake tumboni, kwenye chumba kimoja na viungo vya uzazi.

Tishu ya endometriosisi inaitikia homoni popote ilipo. Hedhi ikikaribia huvimba, huvuja damu kidogo, na damu hiyo haina pa kutokea. Mwili hujibu kwa uvimbe na kovu. Mwezi ukija hadithi ni ileile, na kovu huzidi kukaza. Wakati mwingine kidonda kiko pembeni, labda kwenye msuli, na kinaibana neva kutoka nje. Kwa wengine kimeshika ganda la neva. Kwa wengine tena kimepenya ndani, kati ya nyuzi zenyewe. Kumbuka tofauti hiyo, maana tukifika kwenye upasuaji ndiyo itakayoamua mambo.

Jinsi tishu hiyo inavyofika huko hakuna maelezo moja yanayotosha. Nadharia ya Sampson ya miaka ya 1920, kwamba damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kumwaga chembe tumboni, inaeleza wagonjwa wengi lakini si wote. Kwa baadhi, inaonekana ugonjwa umesafiri kwa kufuata neva ndogo zinazotoka kwenye kizazi.

Maumivu haya yanatofautianaje na kiuno cha kawaida?

Kwa tarehe. Mwanzoni maumivu huanza siku moja hadi tatu kabla ya damu kutoka, yanakaa siku zote za hedhi, halafu yanapoa. Kati ya hedhi na hedhi unaweza kutembea, kufua, kubeba mtoto, ukasahau kabisa kuwa mguu uliwahi kuuma. Baada ya miezi au miaka, zile siku za nafuu zinaanza kupungua: zilikuwa 20, zinakuwa 12, zinakuwa 5. Mwishowe maumivu ni ya kila siku na yanapanda tu hedhi ikifika. Mwanamke akimfikia daktari katika hatua hiyo na kuulizwa kama mguu unauma wakati wa hedhi, atajibu kwa ukweli kabisa kwamba unauma siku zote, na kidokezo muhimu kuliko vyote kinapotea. Swali linalofaa ni hili: mwaka wa kwanza ulipoanza kuuma, ulikuwa unauma siku gani?

Mahali pake ni kalio, ndani kabisa, kiasi kwamba mgonjwa hubonyeza kwa ngumi kutafuta penye maumivu. Kutoka hapo hushuka nyuma au pembeni mwa paja hadi chini ya goti. Wengine husema ni moto, wengine umeme, wengine kuchomwa sindano au mguu kufa ganzi. Kukaa kunazidisha: kiti kigumu cha daladala au matatu kwa saa moja kinatosha kumfanya mtu ashuke akichechemea. Wengi pia huwa na maumivu makali ya hedhi, maumivu wakati wa tendo la ndoa, au wakati wa kwenda haja kubwa siku za damu. Wapo wasio na hata moja kati ya hayo.

Kwa nini mara nyingi ni mguu wa kulia?

Upande wa kushoto wa fupanyonga umefunikwa na kipande cha utumbo mpana, nacho kinaaminika kuzuia chembe zisitue ukutani. Vercellini na wenzake wa Italia walipokusanya taarifa za wagonjwa mwaka 2003 waliona upande wa kulia ukiongoza wazi. Lakini kushoto hutokea pia, kwa hiyo mtu asikuambie haiwezekani kwa sababu ni mguu wa kushoto.

MRI ya mgongo ilitoka safi. Kwa nini bado naumwa?

Kwa sababu ilipigwa picha sehemu nyingine. MRI ya kiuno huangalia pingili, diski na mizizi inapochomoza, na kwa kawaida picha zinaishia juu ya mfupa wa sakramu. Kidonda kinachozungumziwa hapa kiko chini na mbele ya hapo, na mara nyingi pale neva inapotoka kwenye fupanyonga. Ni sawa na kutafuta ufunguo sebuleni wakati umeudondosha uani.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni MRI ya mgongo isiyo safi sana. Watu wengi wasio na maumivu yoyote wana diski iliyobonyea kidogo. Ikionekana, inapewa lawama, na mgonjwa anaweza hata kufanyiwa upasuaji wa mgongo huku mguu ukiendelea kufuata hedhi.

Unachohitaji ni MRI ya fupanyonga inayofuata neva ya siatiki pande zote mbili. Mwombe daktari aandike kwenye fomu mambo haya: kwamba anashuku endometriosisi ya neva ya siatiki, ni upande upi, na kwamba maumivu yanafuata hedhi. Picha zianzie pale mgongo unapokutana na sakramu na zishuke hadi chini ya mfupa wa kukalia. Ziwe nyembamba, milimita 3 hadi 4. Ziwemo picha za T1 ambazo mwangaza wa mafuta umezimwa, kwa sababu damu ya zamani hung'aa humo, na picha za T2, ambako kovu huonekana jeusi na neva iliyovimba huonekana nyeupe. Msomaji wa picha alinganishe kulia na kushoto, tena aangalie misuli ya kalio: msuli uliosinyaa au uliobadilika rangi ni ushahidi kwamba neva yake inaumia, hata kidonda kikiwa kidogo. Ukipata nafasi ya kupiga picha siku zinazouma, itumie. Usiahirishe kipimo miezi miwili kwa kusubiri tarehe.

Omba picha zenyewe kwenye CD au flashi, si ripoti peke yake. Mtaalamu wa mji mwingine au nchi nyingine akitaka kuzipitia upya, ripoti ya karatasi moja haimsaidii.

Na ultrasaundi?

Ultrasaundi ya ukeni ikifanywa na mzoefu inaona vizuri uvimbe wa ovari na vidonda vilivyo nyuma ya kizazi. Neva ya siatiki iko mbali na imejificha nyuma ya mfupa. Majibu safi ya ultrasaundi hayaifuti shaka hii.

Nilifanyiwa laparoskopi wakasema hakuna endometriosisi. Je, mjadala umeisha?

Haujaisha. Laparoskopi ya kawaida, yaani kamera inayoingizwa kwa matundu madogo tumboni, huangalia uso wa utando unaofunika ndani ya tumbo. Neva iko nyuma ya utando huo, na kuifikia ni lazima daktari aukate na kuchimbua taratibu kati ya mishipa mikubwa ya damu. Kuna wanawake ambao tumbo lao lote ni safi na kidonda pekee kiko kwenye neva. Wakati mwingine kuna dalili ndogo, kijishimo kwenye utando kinachoelekea ukutani, na asiyejua maana yake hukipita.

Ni magonjwa gani mengine yanaweza kufanana na haya?

Diski iliyotoka mahali pake inaongoza, na dalili yake ni maumivu yanayochochewa na kuinama, kukohoa au kubeba mzigo bila kujali tarehe. Kifua kikuu cha uti wa mgongo ni cha kufikiriwa daima katika nchi zetu: homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, na uti unaouma ukigongwa. Kuna pia msuli wa pirifomi kubana neva, kiungo kati ya sakramu na nyonga, fibroidi kubwa, mkanda wa jeshi (vipele vinaweza kuchelewa siku kadhaa baada ya maumivu), kisukari, na kwa mwenye selimundu, kichwa cha mfupa wa paja kufa kwa kukosa damu.

Sababu moja inasahaulika mno: sindano ya kalio iliyopigwa vibaya. Neva hupita kalioni, na sindano iliyochomwa katikati au upande wa chini kwa ndani inaweza kuijeruhi. Maumivu yake huanza palepale au ndani ya saa chache, na mgonjwa hukumbuka siku yenyewe. Kama mguu wako umeanza hivyo, sema.

Niandike nini kabla ya kumwona daktari?

Daftari la shule linatosha. Kila jioni, kwa mizunguko mitatu mfululizo, andika tarehe, kama kuna damu, maumivu ya mguu kwa alama 0 hadi 10, yalipofika (kalio, paja, muundi, unyayo), ganzi iko wapi, dawa uliyomeza na muda iliokusaidia. Chora mtu kwa mbele na kwa nyuma, upake kalamu panapouma. Hata mchoro mbaya una faida: ganzi ya juu ya unyayo kuelekea kidole gumba inaelekeza nyuzi za L5, na ganzi ya ukingo wa nje wa unyayo inaelekeza S1. Maumivu ya ndani ya paja karibu na kinena si ya siatiki, ni ya neva nyingine iitwayo obturata, ambayo nayo inaweza kushikwa na endometriosisi.

Kama unatumia sindano ya Depo, vidonge au kipandikizi cha uzazi wa mpango na hupati hedhi, endelea kuandika tu. Mpangilio unaweza kuonekana hata bila damu.

Nitajuaje kama neva imeanza kushindwa kazi?

Maumivu ni malalamiko ya neva. Udhaifu ni neva kuacha kazi, na ndicho kitu kinachotakiwa kukushtua. Jipime mara moja kwa wiki, peku, karibu na ukuta. Tembea hatua kumi kwa visigino, vidole vikiwa juu: upande ambao unyayo unaanguka ndio dhaifu. Tembea hatua kumi kwa ncha za vidole. Kisha simama kwa mguu mmoja na unyanyue kisigino mara kumi, halafu badilisha. Mguu mzima unafika kumi, ule mwingine unaishia sita. Andika idadi hizo.

Vitu vya nyumbani husema mapema kuliko kipimo. Ndala inachomoka mguuni na wewe hujui mpaka uhisi saruji ya baridi. Soli ya kiatu kimoja imelika mbele kwa sababu ncha inaburuzwa. Unajikwaa kwenye kizingiti ulichokivuka miaka kumi. Ukipima kwa futi ya fundi cherehani, shavu la mguu mmoja, sentimita 10 chini ya goti, ni jembamba kuliko la mwenzake. Ukiona mojawapo ya haya, suala limetoka kwenye kutuliza maumivu na sasa ni kuokoa msuli.

Kipimo cha umeme wa neva kinaongeza nini?

Kinasaidia kutenganisha mgongo na fupanyonga. Neva ikiumizwa kwenye fupanyonga au kalio, ishara za hisia zinazopimwa kifundoni hudhoofika, na misuli iliyo kando ya uti wa mgongo inabaki sawa. Mzizi ukibanwa na diski, kwa kawaida ni kinyume chake. Kipimo hiki, EMG, kikifanywa siku chache tu baada ya udhaifu kuanza kinaweza kudanganya; subiri kama wiki tatu. Na kikitoka safi wakati nguvu bado zipo, hakimaanishi maumivu ni ya kubuni.

Dawa gani za maumivu zinafaa?

Kundi la ibuprofeni, naproksini na diklofenaki hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa siku moja au mbili kabla ya maumivu. Daftari lako ndilo litakaloonyesha siku hiyo. Ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8 pamoja na chakula ni kiwango cha kawaida. Usichanganye mbili za kundi hili, jambo linalotokea sana duka moja la dawa likikupa diklofenaki na jingine ibuprofeni. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu inayochochewa na dawa hizi asizitumie. Parasetamoli inaweza kuongezwa, gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku.

Maumivu ya neva yenyewe, ule moto na umeme, huitikia dawa nyingine. Amitriptilini huanzwa kidogo, miligramu 10 usiku, ikipanda polepole. Inakausha mdomo na kuleta usingizi, na inahitaji wiki mbili hadi nne kabla ya kuihukumu. Wengi huiacha siku ya nne wakisema haifanyi kazi. Gabapentini na pregabalini nazo hupandishwa polepole na hushushwa polepole; usiziache ghafla.

Dawa za homoni zinafanya nini, na hazifanyi nini?

Zinanyamazisha tishu isivimbe kila mwezi. Hazifuti kovu. Kama tatizo kubwa ni uvimbe wa kila mwezi, nafuu inaweza kuwa kubwa sana. Kama kovu limeshakaza neva, maumivu hupungua nusu na udhaifu unaendelea kimyakimya, na hapo dawa inaweza kuwa pazia.

Lengo ni kuzuia hedhi kabisa, kwa hiyo vidonge vya kawaida vya uzazi wa mpango humezwa mfululizo bila wiki ya kupumzika. Projestini peke yake ni chaguo lingine: dienojesti miligramu 2 kila siku, au norethisteroni miligramu 5 kwa siku, au sindano ya Depo miligramu 150 kila miezi mitatu. Depo ni nafuu na inapatikana hata kwenye zahanati ndogo. Inaweza kuleta matone ya damu yasiyo na ratiba miezi ya mwanzo, na uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi, mara nyingi miezi kadhaa baada ya sindano ya mwisho. Anayetaka mtoto mwaka ujao aambiwe hivyo kabla ya kuchomwa.

Sindano ya goserelini miligramu 3.6 kila siku 28 huzima ovari kwa nguvu zaidi. Wiki mbili za kwanza maumivu yanaweza kupanda kwa sababu homoni huruka kabla ya kushuka. Jipange kwa hilo, usidhani umepewa dawa mbovu. Joto la ghafla, kukosa usingizi na mifupa kupungua uzito ndiyo gharama yake, hivyo huongezewa homoni kidogo za kulinda mifupa iwapo itatumika muda mrefu.

Angalia dawa nyingine unazotumia. Rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi, fenitoini na kabamazepini hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi. Kabamazepini wakati mwingine huandikwa kwa ajili ya maumivu ya neva, na mgonjwa huona hedhi imerudi na mguu umewaka upya bila mtu kuunganisha mambo hayo mawili. Kama una shinikizo la damu, umewahi kuganda damu, au una kipandauso kinachotanguliwa na mwanga machoni, vidonge vyenye estrojeni havikufai.

Niliambiwa nizae nitapona. Ni kweli?

Ujauzito na kunyonyesha husimamisha hedhi, na wengine hupata nafuu. Hedhi ikirudi, mara nyingi mguu nao unarudi. Mtoto si dawa, na si haki kumwambia hivyo binti ambaye hana mwenzi, hayuko tayari, au anatafuta mtoto miaka sita sasa.

Na kuondoa kizazi?

Kizazi kikitolewa, kidonda kilicho kwenye neva kinabaki palepale. Ovari zikibaki zinaendelea kukilisha homoni. Zikitolewa pia kinaweza kunyamaza, lakini kovu halitoki na mwili unaingia ukomo wa hedhi kwa ghafla. Upasuaji huo una sababu zake, ila usikubali kuufanya kama tiba ya mguu.

Upasuaji unahitajika lini, na unafanywaje?

Haraka, kama unyayo unalegea au msuli unasinyaa. Kwa mpango, kama dawa zimejaribiwa ipasavyo kwa miezi mitatu hadi sita na maisha bado hayaendi, au kama picha zinaonyesha kidonda kinachokua. Msuli uliokosa neva kwa zaidi ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu hupoteza uwezo wa kuipokea tena, kwa hiyo usikubali kuwekwa kwenye orodha ya kusubiri isiyo na tarehe wakati mguu unadhoofika.

Njia inayotumika zaidi leo ni laparoskopi, yaani matundu madogo tumboni, ambayo ilikuzwa sana na Marc Possover wa Uswisi katika fani aliyoiita nyuropelveolojia. Daktari huufungua utando kando ya mishipa mikubwa ya damu ya mguu, akaisogeza, akaitambua neva ya obturata, kisha shina la L4 na L5, akalifuata hadi siatiki pale inapotoka. Kidonda kinachobana kutoka nje huondolewa na neva kuachwa nzima. Kilichoshika ganda hukwanguliwa. Kilichoingia kati ya nyuzi ndicho kigumu: kukiondoa chote ni kutoa pia baadhi ya nyuzi, na mgonjwa anaamka na mguu dhaifu zaidi kuliko alivyolala. Hili lisemwe waziwazi kabla ya kutia sahihi. Kidonda kilicho nje ya fupanyonga hufikiwa kwa kupasua kalio.

Damu ndiyo hofu kubwa mezani. Vena za eneo hilo ni nyembamba, na ikikatika moja inaweza kujirudisha kalioni mahali ambapo chombo hakifiki. Neva za kibofu ziko karibu, kwa hiyo baadhi ya wagonjwa hushindwa kukojoa vizuri kwa muda. Muulize daktari moja kwa moja: umewahi kufungua neva hii mara ngapi? Nani mwingine atakuwepo, wa neva au wa mishipa ya damu? Mpango ni upi ikiwa kidonda kimeingia ndani? Daktari mzuri wa uzazi anayekujibu kwamba hajawahi, na kukuelekeza kwa mwingine, amekutendea wema mkubwa.

Baada ya upasuaji nitapona lini?

Maumivu ya mzunguko yanaweza kutulia mapema. Moto wa neva mara nyingi hupanda wiki za mwanzo kwa sababu neva imeguswa, na dawa zake zisisitishwe siku ya kutoka wodini. Nguvu huchelewa. Neva iliyokatika nyuzi hukua takribani milimita 1 kwa siku, sentimita 3 kwa mwezi. Kutoka kwenye fupanyonga hadi misuli ya juu ya muundi ni kama sentimita 50 hadi 60, kwa hiyo hesabu ni mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya kutegemea unyayo uinuke wenyewe. Mwezi wa nne bila mabadiliko haumaanishi umeshindwa.

Katika muda huo wote kuna kazi ya kufanya. Fiziotherapia ianze mapema, kazi yake kubwa ikiwa kuzuia kano ya kisigino isikaze: keti na mguu umenyooka, pitisha khanga chini ya vidole, vuta kuelekea kwako kwa sekunde 30, mara tano, asubuhi na jioni. Kano ikishakaza, neva ikirudi itakuta kifundo hakipindi. Kifaa cha plastiki kinachoshika unyayo kwa pembe ya mraba, kinachovaliwa ndani ya kiatu, huzuia kujikwaa. Karakana za viungo bandia katika hospitali kubwa hukitengeneza kwa kipimo cha mguu wako.

Naweza kuchomwa sindano kwenye kalio hilo?

Usikubali. Nyoosha kidole kwenye paja la mbele kwa pembeni, au kwenye bega. Depo inaweza kuchomwa begani bila tatizo lolote. Mwambie muuguzi sababu kwa upole kabla hajafungua bomba.

Mke wangu hataki tena tendo la ndoa na anasema kiti cha pikipiki kinamuua. Nifanye nini?

Kwanza, mwamini. Maumivu ya ndani wakati wa tendo ni sehemu ya ugonjwa huu, na kukaa juu ya neva iliyovimba ni mateso halisi. Mkae mzungumze siku ambayo haumwi. Siku za nafuu mnazijua kwa daftari, na mkao wa kulala ubavu, upande mzima ukiwa chini, huwasaidia wengine. Safari ndefu asimame kila nusu saa. Kwenye kiti aweke taulo lililokunjwa chini ya kalio zima ili lile linalouma lielee kidogo. Nenda naye kliniki, ukae chumbani daktari anapouliza, kwa sababu wewe ndiye unayemwona akichechemea alfajiri kabla dawa haijafanya kazi.

Dalili zipi haziruhusu kusubiri hata kesho?

Kushindwa kukojoa au kujikojolea bila kujua, kutozuia choo, ganzi sehemu za siri na penye kukalia, miguu yote miwili kuishiwa nguvu, au unyayo kulegea ndani ya siku chache. Pia homa kali pamoja na maumivu ya mgongo. Hizo ni dharura za mgongo mpaka zithibitishwe vinginevyo. Nenda usiku huohuo.

Unyayo wangu hauhisi. Niulindeje?

Mguu usiohisi huungua bila kilio. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko. Usiote moto wala kuweka chupa ya maji ya moto kwenye muundi huo, na kaa mbali na jiko la mkaa lililowekwa chini. Kung'uta kiatu kabla ya kuvaa: kokoto moja inaweza kukaa humo siku nzima. Jioni tazama wayo kwa kioo cha mkononi au mwombe mtoto akuangalizie, hasa kisigino, kati ya vidole, na chini ya kidole gumba. Lengelenge dogo lioshwe kwa maji safi na sabuni, lifunikwe, na lisipopona ndani ya siku mbili tatu lipeleke kituo cha afya. Mkia wa ndala ufungwe kwa utepe wa mpira nyuma ya kisigino ili isichomoke, au vaa sandali yenye mkanda. Hilo peke yake limewaepusha wengi kuanguka ngazini.